Mkataba wa Kuondoa Mwangwi

Msomi alikuwa ameshang'arishiwa kiatu cha kulia, cha kushoto kikiwa bado mikononi mwa fundi, aliposikia mtu akifoka ng'ambo ya barabara, nyuma ya uzio wa mabati.

"Kama haiko kwenye Mfumo, haipo! Usiniambie umeiona kwa macho. Macho ya nani? Kama haiko kwenye Mfumo, haipo. Na kama iko kwenye Mfumo, ipo! Basi!"

Maneno ya mwanzo hayakumgusa. Matajiri wote husema hivyo wanapotafuta sababu ya kutolipa. Ni yale ya mwisho yaliyomwingia kama chai ya moto kwenye tumbo tupu. Kama iko kwenye Mfumo, ipo. Mtu mzima, mwenye ghorofa tano zinazopanda nyuma yake, anautangazia mtaa mzima kwamba kitu kisichokuwepo kinaweza kuwepo, mradi kiandikwe.

"Kimalizie haraka hicho, ndugu yangu," akamwambia fundi viatu. "Riziki inaniita, na leo imeita kwa spika."

Shule Msomi alizipita nyingi, lakini kwa nje. Jina alilipata kwa sababu ya miwani yake, ambayo vioo vyake vilikuwa vya dirisha, na faili la kijani alilolibana kwapani hata akienda kuoga. Aliwahi kuuza nafasi kwenye foleni ya ofisi iliyokuwa imefungwa. Aliwahi kukodisha kivuli cha ukuta kwa wauza mitumba. Mara tatu alichangisha michango ya harusi yake, bibi harusi akiwa bado hajapatikana. Kuiba hakuibi, kuiba alikuona ni kazi ya watu wavivu wa kufikiri.

Lakini mwaka huo akili ilikuwa nyingi na chakula kidogo. Alikuwa analala chumba cha uani kwa dada yake, kwa huruma ya dada na kwa uchungu wa shemeji. Shemeji alikuwa na pikapu moja, iliyokuwa ikiilisha nyumba nzima kwa kuhamisha watu na vyombo vyao. Mara ya mwisho Msomi alipoichukua "kwa dakika kumi", ilirudi baada ya siku mbili, haina taa moja. Shemeji hakupiga kelele. Alisema kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi: "Shemeji, ukiigusa tena pikapu yangu, sanduku lako litakusubiri nje ya geti. Na wewe utalala ndani yake."

Basi hapo ndipo alipokuwa: kiatu kimeng'aa, mfuko mtupu, na sanduku linalotishiwa.

Akaingia duka la vifaa, akazungumza na muuzaji kwa robo saa kuhusu nchi za nje, akatoka na kofia ngumu nyeupe ya mkopo. Mafundi huvaa za njano, vibarua huvaa za bluu, na wahandisi huvaa nyeupe. Mtu aliyevaa nyeupe haulizwi anakwenda wapi. Huulizwa kama angependa maji ya kunywa. Mlinzi wa geti, mzee mwenye rungu na filimbi, alimpigia saluti.

Msomi akapanda ngazi akitafuta cha kuuza. Saruji ilikuwa na uzito, nondo zilikuwa na urefu, mchanga ulikuwa na ujazo. Vitu vya ujenzi vina tabia mbaya ya kuhesabika. Alipofika ghorofa ya pili vumbi likamkaba, akakohoa.

Jengo likakohoa.

Msomi akasimama. Akakohoa tena, safari hii kwa adabu. Jengo nalo likakohoa kwa adabu, mara tano, kila ghorofa ikichukua zamu yake. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Hapo mbele yake kulikuwa na kitu ambacho hakina uzito, hakina urefu, hakina ujazo, na hakuna mtu duniani anayeweza kusema amekiona.

Ofisi ilikuwa kontena lililotobolewa dirisha. Ndani alikaa Kontrakta, mwanamume mwenye simu tatu na tumbo la nne, na pembeni, mbele ya kompyuta, alikaa Mama Stoo. Mama huyu alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye kampuni, penseli kwenye nywele, na kitabu cha stoo ambacho hakijawahi kupoteza hata msumari. Miezi mitatu kabla, Kontrakta alikuwa amenunua Mfumo, programu ya kompyuta ya kusimamia mikataba ya mafundi na oda za manunuzi, mpaka geti lenyewe. Yeye hakujua kuuwasha. Kwa hiyo Mama Stoo alipewa kazi ya kuufundisha Mfumo kila alichokijua, na aliahidiwa kwamba mwisho wa mwezi, Mfumo ukishajua yote, yeye ataondolewa "akapumzike". Ni kama kumfundisha mke mwenzio kupika, halafu ukaonyeshwa mlango kabla ya kuonja. Alikuwa na mjukuu shuleni na chumba cha kupanga. Kupumzika hakukuwa kwenye bajeti.

"Nimetumwa kuzikagua ngazi zako, mzee," Msomi alisema. Hakusema ametumwa na nani. Uongo mzuri ni kama shati zuri: usilibane sana.

"Ngazi zina nini?" Kontrakta akauliza.

"Zinajibu."

"Zinajibu nini?"

"Kila kitu. Hujawahi kupiga chafya pale? Sasa wafikirie wapangaji, mzee. Mtu anamnong'oneza mkewe neno ghorofa ya kwanza, ghorofa ya tano wanalipata lote na nukta zake. Talaka ngapi hizo kwa mwaka? Na lawama zitamwangukia nani? Aliyejenga."

"Na wewe unafanya nini?"

"Naondoa mwangwi."

Mama Stoo aligeuka. Alimtazama Msomi kuanzia kofia mpaka viatu, akarudi kwenye kompyuta.

Kontrakta hakuwa mjinga. Haki yake apewe. Hakuamini neno hata moja. Lakini aliona jambo jingine: Mwenye Jengo, tajiri aliyeogopa kuonekana hajui kitu kuliko alivyoogopa mauti. Huyo kazi ya kisasa angeilipia mara tatu bila kuuliza. Kontrakta akachukua simu ya pili.

"Halo, tajiri. Ndiyo. Kuna suala la mwangwi... Mwangwi, ndiyo. Kuondoa. Ni mambo ya kisasa." Akasikiliza. Uso ukafunguka kama duka asubuhi. Akakata simu. "Anasema alikuwa anashangaa kwa nini hatukuliweka tangu mwanzo. Ijumaa anakuja kusikiliza. Mama Stoo! Mwandikie huyu mkataba kwenye Mfumo."

Mpango wa Msomi ulikuwa mfupi na mtamu: achukue malipo ya kuanzia, kisha yeye ndiye aondoke, mwangwi ubaki.

"Mfumo unauliza kazi itahesabiwa imekwisha lini," Mama Stoo akasema.

"Mwangwi usiposikika, mama."

"Usiposikika na nani?"

"Na mkaguzi."

"Mfumo unataka jina la mkaguzi, bosi."

"Jiandike wewe," Kontrakta akasema akitafuta simu ya tatu. "Mwisho wa mwezi si tunakuondoa? Tutaweka mwingine."

Mama Stoo akaandika jina lake, herufi moja moja, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano.

"Vifaa?"

Hapo Msomi alijikwaa. Fundi wa mkataba asiye na vifaa ni mtu tu aliyevaa kofia. "Pikapu," akasema. "Ya kubebea... mwangwi."

"Kadi yake?"

Kadi ilikuwa kwenye faili la kijani, kwa sababu Msomi alikuwa na tabia ya kutunza nyaraka za watu. Mama Stoo akaisoma. "Jina hapa si lako."

"Ni shemeji. Ni mali ya familia."

"Basi malipo yatakwenda kwa jina lililo kwenye kadi. Mfumo haumlipi mtu asiye na vifaa."

Msomi akafikiria haraka. Laini ya simu ya shemeji ilikaa nyumbani kwa dada, na dada alikuwa mtu wa kuamini. Angemwambia ni pesa ya rafiki imepotea njia. "Haina neno," akasema, akataja namba.

"Na hapa unabonyeza kwamba umesoma na umekubali. Kurasa kumi na nne."

Huo ndio uongo unaosemwa na watu wengi kuliko mwingine wowote duniani, na Msomi, aliyebobea katika uongo wa aina zote, aliubonyeza bila hata kujua kwamba anadanganya.

Shemeji alikuwa amesafiri kwenda msibani kwao, na kurudi ni Jumamosi. Jumanne asubuhi Msomi alimwambia dada yake pikapu inahitaji kuoshwa. Dada akampa funguo na sabuni. Saa mbili pikapu ilipita getini, Mlinzi akabonyeza kidude chake, chuma cha geti kikashuka nyuma yake, kwii, tap.

"Naingia na kutoka, mzee," Msomi akasema. "Nisainiwe tu kwamba nimeonekana."

"Kuingia umeingia," Mlinzi akajibu.

Mama Stoo alikuwa chini ya ngazi, penseli kichwani, kidaftari mkononi. Alijaza kifua hewa, akaita: "Hodiii!"

*Odi, odi, odi, odi,* ngazi zikajibu, mpaka juu.

"Asilimia sifuri," akaandika. "Malipo ya kuanzia hutoka ikifika asilimia thelathini. Ukurasa wa tatu."

"Mama, kazi haijaanza!"

"Ndiyo maana nimeandika sifuri. Ikianza niite, ninakagua kila siku saa tatu."

Msomi alicheka kicheko cha mtu mwenye dharura kwingine, akaingia kwenye pikapu na kurudi getini. Chuma hakikuinuka. Akapiga honi. Mlinzi akaja polepole.

"Fungua, mzee wangu."

"Sifungui mimi, baba. Unaofungua ni Mfumo. Umesema vifaa vya mkataba vikiingia havitoki mpaka mkataba ufungwe." Akainama dirishani, akashusha sauti. "Ukurasa wa tisa. Wengi hawafiki."

"Chukua hii ya soda."

Mlinzi akaitazama noti kwa huzuni ya kweli. "Zamani, mwanangu, ningekula hiyo soda nikakufungulia na mkono wa heri nikakupungia. Sasa nikila, chuma hakijui kama nimekula. Hebu jaribu kukipa chenyewe."

Siku ile Msomi alirudi nyumbani kwa miguu.

"Pikapu?" dada akauliza.

"Inaoshwa, dada. Wanaiosha kwa ndani sana."

"Jumamosi alfajiri ina kazi, ya kuhamisha familia nzima. Shemeji yako ameshachukua pesa ya watu. Unajua alivyosema."

"Alisema nini?"

Dada alitazama tu sanduku lililokuwa chini ya kitanda, na sanduku nalo likamtazama Msomi.

Jumatano alipigana kwa silaha aliyoizoea, yaani mdomo. Saa tatu Mama Stoo alipoita "Hodi!" na ngazi zikajibu, Msomi alidai ule si mwangwi.

"Ni nini?"

"Ni mafundi wa juu wanaitikia. Watu wastaarabu."

"Mafundi wako wapi?" Akaita tena: "Mafundi, mishahara imefika!"

*Mefika, mefika, mefika.* Hakuna aliyeshuka.

"Wangekuwa wao," Mama Stoo akasema, "ngazi zingekuwa zimevunjika sasa hivi. Sifuri."

Akadai kwamba mwangwi wa asubuhi si wa kuhesabiwa kwa kuwa hewa ni mbichi. Akadai kwamba sauti ya mama ni kali mno, apimwe kwa mtu wa sauti ya wastani. Akaning'iniza bango lililoandikwa KIMYA: KAZI INAENDELEA. Mama Stoo akalisomea bango kwa sauti, na jengo likalisoma naye. Sifuri.

Akaenda kwa Kontrakta akiwa amevua kofia. "Mzee, tuuvunje huu mkataba kiungwana. Nimeona kazi ni ndogo kwangu."

Kontrakta alicheka mpaka tumbo likasogeza meza. "Uvunje? Nimeshampelekea Mwenye Jengo hati ya madai, na amelipa nusu. Iko kwenye Mfumo, maana yake ipo! Ijumaa saa nne anakuja kusikiliza kimya chake. Asipokikuta, wewe na pikapu yako mtazeekea humu."

"Lakini wewe unajua hii kazi ni..."

"Ni nini?"

Kila mmoja alijua anachokijua mwenzake, na hakuna aliyeweza kusema bila kujitaja mwenyewe.

"Ni kubwa," Msomi akasema.

"Haya, kaifanye."

Alhamisi asubuhi alikuwa amekaa ngazi ya kwanza, kofia nyeupe magotini kama bakuli la ombaomba. Mama Stoo akaja, akaita hodi yake, akaandika sifuri yake, halafu badala ya kwenda akaketi kando yake.

"Mwanangu, umewahi kuhamia nyumba mpya?"

"Nimewahi kuhama usiku usiku, mama. Kwa sababu ya kodi."

"Siku ya kwanza, nyumba ikiwa tupu, ukisema neno inakujibu. Ukiingiza kitanda, makochi, nguo na watoto, inanyamaza. Kwa nini?"

Msomi akainua kichwa.

"Mwangwi unakaa mahali patupu," Mama Stoo akasema. "Pajaze, nao utahama. Sasa, mimi nina marobota tisini ya sufi ya kioo, ya kuwekwa juu ya dari, na mifuko sitini ya jasi, vyote viko chini stoo na vinatakiwa juu. Winchi ya kupandishia imekufa wiki ya tatu leo. Ukivipanga kwenye ngazi, kila ghorofa sehemu yake..."

"Nipe vibarua."

"Bosi amekataa kulipa vibarua. Hawamo kwenye Mfumo." Akainuka akijikung'uta. "Na kama haimo, unajua inavyokuwa."

Alibeba mwenyewe. Lazima isemwe, ingawa inauma: mtu ambaye hajawahi kubeba kitu kizito kuliko faili alibeba marobota tisini ya sufi na mifuko sitini ya jasi, ghorofa baada ya ghorofa, kutwa ya Alhamisi na Ijumaa tangu alfajiri. Jasi ilimpaka unga mpaka akafanana na sanamu. Sufi ilimwasha kama upupu; alijikuna mahali ambapo mikono haifiki, akajisugua kwenye nguzo kama ng'ombe. Mafundi wa kofia za njano walisimama kumtazama, kwani hawajawahi kuona mhandisi akifanya kazi.

"Injinia, pole!" mmoja akaita. "Na chuo walikufundisha hii?"

"Hii ni mazoezi ya vitendo," Msomi akajibu kutoka chini ya robota, na kwa mara ya kwanza katika wiki hiyo alikuwa amesema kweli.

Ijumaa saa nne Mwenye Jengo akaja na viatu vya ngozi ya thamani. Akasimama chini ya ngazi, Kontrakta kulia kwake, Mama Stoo kushoto. Marobota yalikuwa yamepangwa pande zote mpaka juu, njia ya kupita imebaki ya mtu mmoja.

"Haya yote ni nini?" akauliza.

Kontrakta akaangalia juu kwenye ngazi.

"Ni vinyonyeo," Msomi akasema kutoka ghorofa ya kwanza, mweupe toka utosini mpaka unyayoni. "Vinavuta mwangwi, tajiri. Vikishiba vinaondolewa."

Tajiri akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeyajua hayo tangu utotoni. Akajikohoza. Kisha akaita kwa sauti ya kutetemesha kuta: "Nani mwenye jengo hili?"

Kimya. Neno liliingia kwenye sufi likafia humo. Hakuna aliyejibu, hata yeye mwenyewe.

"Ajabu," Mwenye Jengo akanong'ona. Machozi yalimlengalenga. Miaka yote alikuwa analipia vitu vinavyoonekana; sasa alikuwa amefikia daraja ya kulipia vile visivyosikika. Alimkumbatia Kontrakta.

Mama Stoo akabonyeza simu yake. "Kazi imepokelewa, asilimia tisini na tano."

Msomi akashuka mbio. "Na tano nyingine, mama?"

"Ni za mwaka wa matazamio. Kasoro ikitokea ndani ya miezi kumi na miwili, aliyefanya kazi anairudia kwa gharama yake. Ukurasa wa kumi na mbili."

"Mwaka? Na pikapu?"

"Mkataba bado uko wazi."

Msomi alipiga magoti, na magoti yakaacha alama mbili nyeupe sakafuni. Akasema kila kitu. Alisema kuhusu shemeji, familia inayohama alfajiri, taa iliyovunjika, na sanduku. Hakupamba, kwa sababu alikuwa amechoka sana kupamba. Mama Stoo alisikiliza mpaka mwisho.

"Haya ungeyasema Jumatatu ile," akasema, "ungekuwa umeshakula chakula changu na umekwenda zako." Akabonyeza tena. "Nimekupa kibali cha muda. Pikapu itoke leo, irudi Jumatatu saa mbili. Isiporudi, Mfumo utampigia mwenye kadi."

Getini chuma kikainuka. Mlinzi akampigia saluti, na safari hii kidogo ilikuwa ya kweli.

Jumamosi alfajiri shemeji alishuka kwenye basi, akafika uani, akaikuta pikapu. Imeoshwa, ina maji, ina hewa. Akaizunguka mara mbili akitafuta kosa. Ndipo dada akatoka mbio na ile simu ya nyumbani mkononi.

"Baba watoto! Soma hapa! Malipo ya kazi. Kutoka kampuni ya ujenzi!"

Shemeji akasoma. Akamtazama Msomi aliyesimama mlangoni mwa chumba cha uani akijikuna.

"Umefanya nini, shemeji?"

"Hii pesa imepotea njia," Msomi akaanza. "Ni ya rafiki yangu mmoja, mnaweza tu kunirushia..."

Lakini mikono ilikuwa na malengelenge, mabega yamechubuka, na masikioni kulikuwa bado na jasi. Dada akaishika ile mikono, akaigeuza, akaanza kulia. "Amefanya kazi," akasema. "Ndugu yangu amefanya kazi!"

Msomi alijitetea, alikana, aliapa. Haikusaidia kitu; alikuwa na ushahidi mwili mzima. Shemeji, ambaye kwa miaka minne hakuwahi kumpa mkono, alimkumbatia mpaka mbavu zikalia. Halafu, akiwa mtu wa mahesabu, akakata kodi ya pikapu ya siku nne, taa iliyovunjika, na chakula cha miaka minne kwa bei ya undugu. Kilichobaki kilitosha nauli na sabuni ya kuogea.

"Na Jumatatu," shemeji akasema, "mtarudi kazini, wewe na pikapu. Nitakuamsha mwenyewe."

Ukoo ule ulishapata misiba, lakini huu ulikuwa wa aina yake: Msomi alikuwa ameajirika.

Jumatatu saa mbili pikapu ikaonekana getini, Mama Stoo akaiongezea kibali, na mafundi wa dari wakaanza kazi yao. Walihitaji sufi, na sufi ilikuwa pale pale mkononi, imewapandia mpaka juu yenyewe. Wakachukua robota moja, mawili, kumi. Jumatano saa tatu Mama Stoo akasimama chini ya ngazi na kuita. *Odi, odi,* ngazi zikajibu kwa uchovu, kama mgonjwa anayepata nafuu.

Simu ya Msomi ikalia. KASORO MPYA: MWANGWI UMERUDI. TAFADHALI FIKA KAZINI NA VIFAA VYAKO VYOTE.

Akafika, maana kutofika kulikuwa na ukurasa wake. Mama Stoo alikuwa na shehena nyingine ya kupanda juu: marumaru, mazulia ya korido, milango. Winchi bado ilikuwa imekufa, na Kontrakta hakuwa na haraka ya kuifufua, kwa kuwa mizigo ilikuwa inapanda bure.

Siku ya mwisho ya mwezi Kontrakta aliingia kwenye kontena akiwa na fundi wa kompyuta. Msomi alikuwa pale akinywa maji.

"Mama Stoo, mkono wa heri," Kontrakta akasema. "Kapumzike sasa. Mtoe kwenye Mfumo," akamwambia fundi.

Fundi akabonyeza, akabonyeza tena, akakuna kichwa. "Unakataa, bosi."

"Unakataaje?"

"Unasema mtu huyu hawezi kuondolewa. Ni mkaguzi wa mkataba ulio wazi. Mpaka ufungwe."

"Mbadilishe uweke mwingine!"

"Anayeweza kumbadilisha mkaguzi ni mkaguzi mwenyewe. Imeandikwa hapa."

Kontrakta akageuka rangi mbili tatu. Akamtazama Mama Stoo, akaitazama kompyuta, akatazama dari. Mama Stoo alikuwa anachonga penseli.

"Macho yangu yanaona nimefukuzwa, bosi," akasema kwa heshima. "Lakini macho ya nani?"

Kontrakta akainamisha kichwa kama muumini. "Mfumo umesema," akanong'ona, akatoka nje kupumua.

Msomi aliweka kikombe chini taratibu. Mambo yalikuwa yanajipanga kichwani mwake moja baada ya jingine, kama marobota. Alikuwa amedanganya watu ishirini na tano kwa idadi aliyoikumbuka, na aliifahamu kazi safi akiiona.

"Mama," akasema, "huu mkataba wangu. Utaufunga lini?"

"Mwangwi ukiisha, mwanangu."

"Na mwangwi utaisha lini?"

Mama Stoo akaichomeka penseli kwenye nywele, akachukua kidaftari chake. "Wewe ndiye fundi," akasema. "Mimi ni masikio tu."

Ilikuwa saa tatu. Akatoka, akavuka uwanja, akasimama chini ya ngazi. Msomi alikuwa tayari amevaa kofia yake, ya bluu sasa, maana ile nyeupe mwenye duka alikuja kuichukua. Akabeba zulia begani na kupanda. Alikuwa amefika ghorofa ya tatu aliposikia kutoka chini:

"Hodiii!"

*Odi,* ikajibu ghorofa ya pili. *Odi,* ikajibu ya nne. Na katikati yao, kutoka chini ya zulia, ikajibu sauti nyingine, nene na iliyokata tamaa:

"Nakuja, mama."